Nilidhani Kifua Kikuu Kinajua Kuhesabu

Kuna wakati niliamini, kwa akili zangu zote na cheti cha shule ya jioni juu yake, kwamba kifua kikuu kinajua kuhesabu watoto. Niliamini kwamba ugonjwa huu ukiingia kwa mtu aliyezaliwa wa pili, kisha ukafukuzwa na dawa, hauendi porini kulala na viboko. Unatoka kifuani, unazunguka nyumba, unamtafuta mwingine aliyezaliwa wa pili, na unahamia kwake.

Kwetu kazi hiyo isingekuwa ngumu, maana majina yetu yenyewe ni hesabu. Mimi ni Bwambale, mvulana wa pili wa mama yangu. Mke wangu ni Kabugho, msichana wa tatu kwao. Binti yetu mkubwa ni Masika, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Na mdogo, mwenye miaka saba, ni Biira, msichana wa pili. Ukisimama sokoni Bwera ukaita Bwambale, nusu ya soko itageuka, na nusu iliyobaki itakuuliza unamtaka Bwambale gani.

Naandika haya nikiwa nimemaliza dawa. Nimepona, na nina kitambi kidogo ambacho mke wangu anakiita mgeni. Nakuandikia wewe uliyekaa leo kwenye benchi la kifua na kikopo cha makohozi mkononi, ukiogopa hata kumtazama uliyekaa naye. Mimi niliogopa kuliko wewe. Hofu yangu ingegawiwa kwa haki, ingetosha wilaya nzima ya Kasese, na wavuvi wa Hamukungu wangepata ya kubakiza.

Kazi yangu ni samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nawachukua Kahendero, ziwani, nawauza Bwera. Kikohozi kilipoanza, kwenye kiangazi cha mwanzo wa mwaka, nilisema ni moshi. Kila mwenye kazi hii anakohoa. Nilikohoa mpaka mbuzi wa jirani akawa ananijibu. Kisha suruali zikaanza kunikataa. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, halafu lingine, halafu lingine, hadi ncha ya mkanda ikawa inazunguka na kufika mgongoni kama mkia. Wateja wakacheka, nami nikacheka nao. Ila siku nilipofungua leso nikaona damu, mzaha wote ulinitoka. Niliikunja ile leso haraka, nikaiweka mfukoni, nikaendelea kupanga samaki, na mikono yangu ikawa inawapanga kichwa chini miguu juu, kana kwamba samaki ana miguu.

Benchi la kifua pale kituoni Bwera liko nje, kando ya jengo, chini ya mabati, upepo ukipita pande zote. Unakaa na barakoa, unangoja. Hujui unangoja nini hasa. Kila mlango ukifunguka, benchi zima linageuka. Nilipoitwa ndani, sista aliyeshika kazi ya kifua, mama mfupi mwenye sauti ya afande, alinipima kilo, akanitazama, akapima tena kama mtu asiyeamini mizani yake.

"Iko kifua kikuu," akasema. "Inapona. Miezi sita, vidonge kila asubuhi, hakuna siku ya kupumzika. Nyumba yako iko na dirisha ngapi?"

"Moja, sista."

"Kubwa namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaitazama ile nafasi katikati ya viganja vyangu.

"Hiyo ni dirisha ya panya. Toboa kubwa, mbili, hewa ipite. Na mkojo yako itageuka nyekundu. Usipige kelele, ni dawa."

Nilirudi nyumbani na vidonge vyangu, vitatu kwa siku, vyekundu kama matofali ya kuchoma. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Sista alikuwa amenionya kuhusu mkojo, lakini onyo ni jambo moja na kusimama chooni ni jambo lingine. Nilijiona natoa fanta. Jasho nalo liliacha rangi kwenye shati. Miguu iliwaka moto, chakula kilinuka, na hata supu ya samaki, ambayo ndiyo iliyonikuza, nilikuwa nikiigeuzia uso ukutani.

Mwezi wa kwanza nyumba yetu ilikaribia kuvunjika. Nilihamia kwenye kijumba cha jikoni, nikala peke yangu, nikamfokea kila mtu. Kabugho alikuwa akiniwekea sahani kwenye kizingiti na kuondoka bila neno. Masika alianza kukawia shuleni. Tukawa watu wanne tunaoishi katika makazi manne.

Asubuhi moja Kabugho alisimama uani, mikono kiunoni.

"Baba Masika, toka huko jikoni. Mimi nimechoka kupika kwa mutu ambaye amekaa kama mungoja kifo. Hii dawa si yako peke yako. Ni ya nyumba. Kuanzia leo kila mutu hapa iko na kazi."

Akatugawia. Yeye uji. Masika kuchora mstari ukutani kwa mkaa kila nikimeza. Biira kuleta kikombe cha maji na kukaa mbele yangu mpaka nifungue kinywa, aone hakuna kilichobaki. Na mvua zikiisha, madirisha. Tutayatoboa sisi wenyewe, wote wanne, kabla dawa haijaisha.

Sijui nikueleze vipi mambo yalivyobadilika. Biira aliikamata ile kazi kama askari wa mpakani Mpondwe. Alikuwa akishika kidevu changu, ananiinamisha, anachungulia.

"Inua ulimi, Baba."

"Nimemeza."

"Inua. Jana ulisema hivyo hivyo."

Masika akicheka pale ukutani, mkaa mkononi. Mama yao akikoroga uji huku akipanga kwa sauti dirisha litakaa wapi, atachungulia nani, litaangalia mlimani au barabarani. Masika alitaka barabarani. Biira alitaka mlimani. Wakabishana kuhusu dirisha ambalo bado lilikuwa ukuta. Kilo zangu zikaanza kurudi, moja moja, kama kuku waliokuwa wamepotea.

Halafu nikaenda kuchukua dawa za mwezi wa tatu.

Benchini nilikaa na mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mtu mnene wa maneno, ingawa mwili ulikuwa umempukutika kama wangu. Aliniuliza jina. Nikasema Bwambale.

"Ah, uko Kambale kama mimi," akasema. Kwao hivyo ndivyo wanavyolitamka. "Basi tuko bandugu ba ugonjwa moja. Hii magonjwa inapenda sisi ba pili. Angalia hii benchi, utaona."

Wakati huohuo sista akafungua mlango akaita, "Bwambale." Tukasimama wanne. Sista akasonya: "Bwambale ya samaki bado. Bwambale ya Kasenyi, njoo." Tukakaa watatu. 

"Umeona?" yule wa Butembo akaninong'oneza. "Sasa nikuulize. Dawa inafukuza ugonjwa, si ndiyo? Inatoka mu kifua yako. Inaenda wapi? Haiwezi kukaa bure. Inatafuta mutu wa namba yako mu nyumba. Mimi mutoto wangu wa pili nilishamutuma kwa nyanya yake Butembo. Wewe uko na wa pili?"

"Niko naye," nikasema. "Msichana. Biira."

 Alitikisa kichwa polepole, akaangalia chini. Kutikisa kule kulinimaliza kuliko maneno yote.

Usinicheke bado. Mimi nimesoma. Nilikaa miaka mitatu kwenye darasa la jioni, nikauza samaki mchana na kujifunza mfumo wa upumuaji jioni, nikafaulu. Lakini mtu mwenye hofu hasomi kwa kichwa, anasoma kwa tumbo. Na tumbo langu lilisema: kila kilo inayorudi kwangu inatoka kwa Biira.

Nikaanza kumpima kwa macho. Mikono yake ni myembamba tangu lini? Shingo ile, ndiyo ile ya mwezi jana? Asubuhi alipokuja na kikombe nilimwambia akiweke chini, aende mbali. Kesho yake nikampa Masika kazi ya kikombe. Biira akasimama katikati ya ua, mikono mitupu, asijue pa kuiweka.

Mvua zikaisha, tukaanza madirisha. Nyumba yetu ni ya fito na udongo. Kabugho alichora umbo la dirisha kwa mkaa, akalikata kwa panga, kipande kwa kipande, udongo ukianguka na vumbi likipanda kama moshi. Masika alikata fito kwa msumeno. Mimi nilikuwa bado sina nguvu ya kubeba, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikiwa fundi mkuu wa kupima kwa kamba na kulaumu. Fremu tuliitengeneza kwa mbao za masanduku ya samaki, na mpaka leo jua likiwaka dirisha letu linanuka Kahendero. Shimo la kwanza lilipopasuka na mwanga ukaingia ndani, tuliona kwa mara ya kwanza buibui wote tuliokuwa tukilala nao. Kabugho alichungulia kutoka nje, vumbi usoni, nyusi nyeupe kama bibi.

"Wabukire, wenye nyumba," akatuamkia, kana kwamba ni mgeni. Masika alicheka mpaka akakaa chini.

Biira alikuja akashika ncha ya kamba ya kupimia. "Mimi nishike huku, Baba."

"Achia. Masika ashike. Wewe nenda ukateke maji."

"Nimeshateka."

"Teka mengine."

Siku ile aliteka maji ya kutosha kuoshea tembo. Kila akirudi na kidumu chake nilimtafutia safari nyingine. Mara ya mwisho alikiweka kidumu miguuni pa mama yake, akauliza bila kulia, kwa sauti ya kutaka tu kujua:

"Mama, kwani mimi ndiyo mugonjwa?"

Kabugho alinitazama. Nikatazama kamba.

Siku mbili baadaye Biira akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi.  Nikajua ndiyo hiyo. Kimehama. Kimehesabu, kimempata.

Basi nikaamua. Kama dawa ndiyo inayokifukuza kuelekea kwake, nitaacha kukifukuza. Kibaki kwangu. Mimi nimeshaishi, nimeona Kasese, nimeona Kampala mara mbili. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi niliweka vidonge ulimini, nikanywa maji, nikavificha shavuni, na Masika, asiyechungulia ulimi kama Biira, akachora mstari wake. Kisha nikaenda kwenye dirisha jipya, tukiwa bado tunalisiriba pembeni, nikavisukuma kwa kidole ndani ya udongo mbichi. Vitatu kila siku. Nikapaka juu, nikalainisha kwa kiganja. Hakuna fundi aliyewahi kusiriba dirisha kwa uangalifu kama ule.

Nataka uelewe jinsi hofu inavyodanganya. Jasho lilirudi, nikafurahi. Homa ikaja saa za mchana, nikaipokea kama habari njema: bado kiko kwangu. Halafu Biira anakohoa uani, na furaha yote inageuka barafu. Kwa nini bado anakohoa? Nikafikiri labda nimechelewa. Nikafikiri labda kiko kwetu sote wawili.

Aliyenikamata alikuwa Kabugho, kwa njia ambayo hakuna mtu anayependa kukamatwa. Usiku nilikuwa nikikojolea ndoo ndogo, na ni yeye aliyekuwa akiimwaga asubuhi. Alinijia dirishani ndoo ikiwa mkononi.

"Baba Masika. Hii ni nini?"

"Ni ndoo."

"Ndani."

"Mama Masika, unaniuliza mkojo ni nini?"

"Sista alisema itakuwa nyekundu. Miezi mitatu imekuwa nyekundu. Sasa siku hizi iko ya maji. Dawa inaenda wapi?"

Nilitafuta uongo, nikakuta akiba imeisha. Nikaweka kidole kwenye udongo wa dirisha. Hakuelewa. Akachukua kisu, akachokonoa pale kidole changu kilipogusa, na kidonge kikatoka kimelainika, kikaacha doa jekundu. Akachokonoa pembeni. Kingine. Masika alikuja akasimama nyuma yake, akatazama ukuta wenye madoa, kisha akatazama mistari yake ya mkaa, ile ya siku kumi na moja za uongo. Alichukua kitambaa akaanza kuifuta, mmoja mmoja, akilia kimya.

Nikawaeleza. Namba, Butembo, benchi, Biira. Nilipomaliza, Kabugho alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kisu magotini.

"Kwa hiyo ulikuwa unajiua," akasema. "Na mutoto unamufukuza kama mbwa. Na hiyo ndiyo unaita kumupenda."

 Akainuka. "Vaa viatu. Ninyi wote vaeni viatu."

Sista wa Bwera alitusikiliza mpaka kwenye neno kumi na moja, akasema maelezo mengine atayasikia baadaye. Akanipa dawa ya siku hiyo nimeze mbele yake, akachukua makohozi yangu, na akatuandikia karatasi twende Kasese, Biira apigwe picha ya kifua.

Kule Kasese tulingoja kutoka asubuhi mpaka jua likapita utosi. Biira alikaa mwisho wa benchi, mbali nami, kama nilivyomfundisha. Kabugho alikuwa katikati, Masika akilala begani mwake. Kila Biira akikohoa, nilihesabu. Nilifika thelathini nikaacha. Walipomwita ndani alisimama, akageuka.

"Baba aingie na mimi," akamwambia mama yake. Hakuniambia mimi. Hakuwa na hakika kama inaruhusiwa.

Niliingia naye. Walimvua blauzi, wakamsimamisha kwenye kile kibao baridi, mabega yake madogo kama ya kuku wa kuchinja. Wakaniambia nitoke. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Ukisimama hapo nje, nitajua." Nikasimama hapo nje. Sijawahi kusimama mahali kwa nguvu namna ile.

Picha tulipewa ndani ya bahasha ya kaki, tukaambiwa itasomwa Bwera kesho. Njiani niliichomoa nikaiinua kuelekea dirisha la gari. Niliona mbavu nyeupe na weusi katikati. Weusi ule ni nini? Darasa la jioni halikufika hapo. Moyoni nilimzika mtoto wangu mara nne kati ya Kasese na Bwera. Biira alikuwa amelala mapajani mwangu, maana benchi za gari hazikumwachia nafasi ya kukaa mbali, na mimi sikuthubutu kumsogeza tena.

Asubuhi tuliingia kwa sista wote wanne. Alirudi kutoka kwa daktari na ile picha, akaiweka mezani.

"Mtoto hana kitu," akasema. "Kifua safi. Kikohozi ni vumbi ya huo ukuta yenu. Tutampa yeye na dada yake dawa ya kuwakinga. Na mama pia."

"Ule weusi?" nikauliza.

"Ni hewa. Ulitaka aweke nini ndani, samaki?"

Kabugho alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa leso. Masika akamkumbatia mdogo wake mpaka mdogo akalalamika. Mimi nilibaki kwenye kiti.

"Sasa wewe," sista akasema. "Siku kumi na moja. Sababu?"

Nikamweleza yote. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Unajua jina yangu ya nyumbani?"

"Hapana, sista."

"Biira. Niko hapa na ninyi akina Bwambale miaka kumi na mbili. Sijakohoa."

"Lakini sista, hulali nao nyumba moja," nikasema, kwa sababu msomi wa jioni hakubali kushindwa mapema.

"Bwana yangu ni Bwambale. Alikunywa dawa hii hii. Kitanda kimoja."

Kabugho alitoa sauti ndani ya leso yake, sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Sikiliza," sista akasema, na sauti ya afande ikashuka. "Hii ugonjwa inapita kwa hewa. Mtu mgonjwa anakohoa, mwingine anavuta. Haiulizi umezaliwa wa ngapi. Ulipokuwa unameza vizuri, mtoto alikuwa salama, angekaa hata mapajani. Ulipoanza kubandika dawa kwa ukuta, hapo ndipo ulianza kumuweka kwa hatari. Si kabla."

Nilishika meza. Nilitazama vidonge vitatu alivyokuwa amevipanga mbele yangu.

"Na nikivimeza, sista," nikauliza polepole, "ugonjwa ukitoka kwangu, unaenda wapi?"

"Hautoki, Bwambale. Hauendi kwa mtu. Unakufa humo humo ndani yako."